Ngeli ya Fedha

Kasha lilikuwa tupu, na bado ndilo lililokuwa kitu kizuri kuliko vyote chumbani.

Inspekta alilikagua kwa macho tu, mikono ameifunga nyuma kama mtu aliyeonywa dukani asiguse. Lilikuwa limetundikwa ukutani juu ya cherehani, limechongwa kwa mbao ya msaji katika umbo la mti mkubwa. Mizizi ilijikunja chini, shina nene lilisimama katikati, matawi yalitanda mpaka pembeni. Tai alikaa kileleni. Joka lilikuwa likitafuna mzizi. Shinani palikuwa na kindi mdogo anayepanda, mkia juu, kwa haraka ya mtu mwenye umbea wa kufikisha. Mgeni angepita akidhani ni pambo la ukutani, akalisifu na kwenda zake.

"Msukume huyo kindi ateremke," alisema mwenye nyumba.

Inspekta alimsukuma kwa kifuniko cha kalamu. Kindi aliteleza upana wa kidole, kitu kikalia ta! kwa ndani, na mti mzima ukafunguka kama mlango. Nyuma yake kulikuwa na vitundu tisa vya duara vilivyotandikwa kitambaa cheusi. Hakuna kilichovunjwa wala kuchokonolewa. Fundi aliyefanya kazi ile alistahili kupewa mkono wa pongezi, ila kwa wakati huo alikuwa mahabusu.

Mwenye nyumba alikuwa daktari wa meno mstaafu, mjane, mwanamke mwembamba mwenye vidole virefu visivyotetemeka. Nusu ya watu wazima wa mtaa ule walikuwa bado wanafumba midomo wakikutana naye njiani. Kila mtu alimwita Daktari, hata wajukuu.

"Vilikuwa tisa," alisema. "Vimekwenda vinane. Hiki kimenusurika kwa sababu nilikuwa nacho kitandani."

Akatoa kwenye mfuko wa sweta kidude kilichofungwa kwa flana, akakifungua juu ya kiganja. Inspekta, ambaye katika kazi yake alikuwa ameshika pete za wizi, simu za wizi na safari moja mbuzi wa wizi, alijikuta anashusha pumzi.

Kilikuwa kipande cha fedha, duara, kizito kuliko kilivyoonekana. Uso wake ulikuwa umetiwa weusi kwa makusudi kwenye mabonde, ili vilima ving'ae. Mbwa mwitu mkubwa alikuwa amefungwa kwa utepe mwembamba, kinywa wazi, na mbele yake alisimama mwanamume mwenye ndevu aliyetia mkono wake wa kulia katikati ya meno yale. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anamtazama mbwa mwitu machoni.

"Anaitwa Tyr," alisema Daktari. "Ni mmoja wa miungu ya watu wa kaskazini, kule kwenye barafu. Walitaka kumfunga mbwa mwitu, naye akasema sawa, lakini mmoja wenu atie mkono kinywani mwangu kama dhamana kwamba hamnidanganyi. Walikuwa wanamdanganya, na wote walijua. Huyu peke yake ndiye aliyejitokeza." Aligusa ukingo wa kipande kwa ukucha. "Mimi nimetia mkono vinywani mwa watu maisha yangu yote. Nilipomwona nikasema, huyu ni mwenzangu kazini."

"Ni sarafu ya nchi gani?"

"Si sarafu. Sarafu ina serikali nyuma yake na bei usoni. Hiki hakina bei popote, tafuta. Kina uzito wa wakia moja, fedha safi, na uzuri wake. Basi." Alisema hivyo kwa fahari kabisa. "Ningetaka akiba tu ningenunua miche mitupu ya fedha, kama ya sabuni, ni nafuu zaidi. Nalipia kidogo juu kwa ajili ya mchoro. Bei ya fedha ikipanda nafurahi. Ikishuka, bado nina Odin na kunguru wake, nina Thor na nyundo, nina Freya na gari lake linalovutwa na paka. Mwenye hisa za benki, zikishuka, anabaki anaangalia nini?"

Inspekta alikohoa. Yeye mwenyewe alikuwa na hisa za benki.

"Na familia yako inajua kuhusu mkusanyo huu?"

"Haijui. Wakijua watasema mama ameanza kuchanganyikiwa, ananunua miungu ya watu wengine. Nilitaka waikute nikishakufa, wabishane vizuri." Akatabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Anayejua ni fundi seremala tu. Alihitaji vipimo."

"Juzi ulipogundua, ulimwambia nani?"

"Nilimpigia binti yangu. Nilimwambia, nimeibiwa fedha. Basi. Nikalia, nikakata simu. Walipokuja jioni sikuwa na nguvu ya kueleza."

"Maneno hayo hayo? Nimeibiwa fedha?"

"Hayo hayo."

Inspekta alikirudisha kipande kwenye flana polepole, kama mtu anayemfunika mtoto. "Naomba Daktari usieleze zaidi. Waache wanavyoelewa." Alikuwa ameshapata wazo, lakini hakulitoa. "Na huyo seremala, unamshuku?"

Daktari aliutazama mti uliofunguka. "Nimshuku nani mwingine?"

*

Mkuu wa kituo alikuwa ameshalimaliza jambo lile kichwani mwake. Kasha lina siri, siri inajulikana na watu wawili, mmoja ameibiwa, aliyebaki ndiye mwizi. Asubuhi ya kesho seremala angefikishwa mahakamani, na kutoka hapo ni rumande, maana dhamana hakuwa na wa kumwekea. Wateja wawili walikuwa wameshakwenda kwenye karakana yake kuchukua makabati yao hata hayajapigwa msasa.

Seremala alikuwa mtu mnene wa mabega, mwenye vumbi la mbao lililoganda kwenye nyusi. Kiswahili chake alikuwa amekiokota katika karakana moja baada ya nyingine, na hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba vitu vina makundi yake. Kwake dunia nzima ilikuwa ya ngeli moja.

"Fundi," alisema Inspekta, "nieleze habari ya fedha kwa Daktari."

"Afande, fedha ya mama mimi haikugusa. Mimi iligusa mbao tu. Fedha yenyewe mama ilileta kwa mkono yake, ikapima tundu, ikaondoka nayo."

Konstebo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimkonyeza Inspekta. Alikuwa konstebo mzee, karibu kustaafu, mwenye tumbo la heshima na mzaha usiochagua mahali.

"Ulimwambia mtu habari ya kindi?"

"Haiambii mtu. Hata mke yangu haijui. Wewe ikitengeneza siri, halafu itangaze, si itakuwa fundi mjinga hiyo?" Akapangusa uso kwa mkono. "Watoto yangu iko nyumbani inalia. Mteja yangu imechukua kabati. Lakini yule mama inajua mimi. Ulizeni yeye. Yule haiwezi kusema ni mimi."

Inspekta alikumbuka jibu la Daktari, akatoka.

*

Sebuleni kwa Daktari, alasiri, kulikuwa na chai na makochi yaliyovishwa vitambaa. Binti wa Daktari alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi tayari kugombana na yeyote. Kando yake alikaa mumewe.

Huyu hakuhitaji kutambulishwa. Alipofungua kinywa kusema karibuni, konstebo alikaza mgongo bila kujua. Ilikuwa ile sauti ya taarifa ya habari ya redioni, nene, iliyotulia, ambayo kila herufi ndani yake hupewa haki yake. Mitaani walimwita Sauti tu, na wengi hawakujua jina lake jingine.

"Tumekuja kuhusu fedha," alianza Inspekta. Akanyamaza. Hakuongeza kitenzi, hakuongeza sifa, hakuongeza chochote kinachobeba ngeli. Ilikuwa sentensi aliyoipima tangu kituoni.

"Fedha ngapi?" Binti aliruka. "Mama hataki kutuambia! Ina maana alikuwa anaweka ndani ya nyumba? Fedha yote ile ya pensheni?"

"Fedha zote zile, mke wangu," alisema Sauti kwa upole.

"Zote, sawa, zote! Sasa mwizi ataacha kuwa mwizi kwa sababu nimekosea? Yule seremala ameshinda humu wiki nzima, anapigilia vitu ukutani. Mlichelewa tu kumkamata!"

"Tumekaa naye masaa mawili leo," alisema konstebo, akijaribu kusaidia.

"Saa mbili, mzee wangu. Masaa hayapo."

"Kwangu yapo mengi tu," konstebo alinung'unika ndani ya kikombe.

Inspekta alimsikiliza binti mpaka mwisho. Binti hakujua kitu. Maswali yake yote yalikuwa ya noti: ngapi, za lini, kwa nini hazikupelekwa benki, nani alimwona akizihesabu. Hasira yake ilikuwa ya kweli, na hofu yake kwa mama ilikuwa ya kweli zaidi. Aliposema anakwenda kumtazama mama chumbani, Inspekta alimwacha aende.

Sauti alimwongezea konstebo chai kabla hajaombwa. Mtu mwenye adabu, hilo lilionekana.

"Nisaidie wewe unayeona mbali," Inspekta alisema. "Ungekuwa mwizi wa fedha, ungefanya nini kwanza?"

Sauti alicheka kidogo. Hata kicheko chake kilikuwa na nukta mwishoni. "Ningeitoa mjini haraka, Inspekta. Ikikaa hapa, itaonekana. Na ikishabadilishwa sura, nani ataijua tena?"

Konstebo alipuliza chai yake. Inspekta aliandika neno lisilo na maana yoyote kwenye daftari lake, ili mkono uwe na kazi.

"Kweli kabisa. Watu hawajifunzi," alisema, akiligeuza daftari. "Wewe mwenyewe mshahara wako, unatunza nyumbani au benki?"

"Benki. Lakini fedha zangu mimi sizioni. Zinaingia mwisho wa mwezi, zikilala siku mbili nashukuru."

"Kama zangu," alisema Inspekta, akasimama. "Asante kwa chai."

*

Walifika kwenye kona ya ukuta, pasipoonekana kutoka dirishani, ndipo konstebo alipomshika mkono.

"Afande, umekunja uso tangu kule ndani. Umeona nini?"

"Sikuona. Nimesikia. Daktari alimwambia binti yake, nimeibiwa fedha. Mtu akisikia hivyo anaelewa nini?"

"Noti. Mimi mwenyewe nilielewa noti mpaka uliponieleza."

"Binti pia. Sasa Sauti aliposema habari ya mshahara wake, alisema zinaingia, zikilala, sizioni. Fedha za kutumia, kwake ni zi. Hata mkewe alipokosea alimrudisha papo hapo. Lakini nilipomuuliza habari ya mwizi alisema ningeitoa, itaonekana, ikibadilishwa sura. Hiyo fedha gani ya i, isiyo ya benki, inayoweza kubadilishwa sura?"

Konstebo alisimama. Aliuachia mkono wa Inspekta.

"Ile ya kuchimbwa," alisema. "Ile yenyewe. Madini."

"Ambayo hakuna aliyemwambia ipo."

"Lakini Afande! Kwa kipimo hicho seremala anyongwe mara mia. Kwake hata watoto ni i."

"Ndiyo maana kwake haina uzito. Yeye husema i kwa kila kitu, kwa hiyo haisemi chochote. Mimi nasema vyovyote. Wewe unasema masaa."

"Tena nitaendelea."

"Endelea. Lakini yule hajakosea ngeli mbele ya watu tangu aanze kazi. Maneno yakimtoka ameshayapima. Hakuwa anafikiria noti. Alikuwa anaiona fedha yenyewe mbele ya macho yake."

"Tutamfunga mtu kwa silabi?"

"Hatumfungi. Tunamfuata tu." Inspekta alikuwa ameshaanza kutembea, na alitembea kwa raha. Alikiri moyoni kwamba hajapata kufurahia ushahidi mdogo kiasi kile. "Anataka kuibadilisha sura. Nani hubadilisha sura ya fedha?"

Masonara walikuwa mtaa mmoja, wamepangana mlango kwa mlango. Wa kwanza hakujua kitu. Wa pili hakutaka kujua. Wa tatu alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, anayepuliza moto mdogo juu ya hereni, na hakuinua kichwa mpaka alipomaliza.

"Fedha safi? Jana nimepigiwa simu," alisema, akiitia hereni kwenye maji. "Mwanamume. Anauliza kama naweza kuyeyusha vipande vya wakia nikamfanyia mche. Nikamuuliza, vipande vyenyewe vina chapa? Akasema, vina vijipicha tu." Aliinua macho. "Vijipicha tu! Mimi nikasema, baba, vilete kwanza nivione, pengine ukiviyeyusha unapoteza. Hakujali. Nusu roho yangu ilikuwa inavilaani vidole vyake."

"Alitaja jina?"

"Ataje jina la nini?" Sonara aliondoa miwani na kuifuta. "Mimi yule baba ananisomea habari kila siku nikiwa hapa na moto wangu. Nilimwambia, samahani, kwani wewe si yule wa redioni? Akakata simu."

Konstebo alianza kucheka, akashindwa kuacha, akalazimika kutoka nje. Katika mji mzima kulikuwa na mtu mmoja tu asiyeweza kupiga simu ya siri, na huyo ndiye aliyeipiga.

Inspekta hakucheka. Mtu aliyegunduliwa kwa sonara mmoja atatafuta mwingine, na safari hii hatapiga simu, atakwenda mwenyewe na mzigo. Tyr angebaki peke yake kwenye mti ule.

*

Walimkuta hewani. Taa nyekundu ilikuwa inawaka juu ya mlango wa studio, na fundi mitambo aliwaonyesha kwa ishara wakae nyuma ya kioo. Kwa hiyo wakakaa, askari wawili, wakasikiliza taarifa ya habari ya jioni.

Na lazima isemwe kwamba alisoma vizuri ajabu. Palikuwa na jina la mtaalamu mmoja wa kigeni lenye konsonanti tupu, alilipita kama hakuna kitu. Alifika kwenye habari ya ajali, akapunguza sauti kiasi kile kile kinachotakiwa, bila kulia kwa niaba ya mtu. Waliokufa hawakuwa wahanga kinywani mwake, walikuwa waliofariki. Konstebo alisikiliza ameinamisha kichwa. Inspekta, aliyekuwa na pingu mfukoni, alitamani bila kutaka kwamba taarifa iwe ndefu zaidi.

Taa ikazimika. Sauti alikusanya karatasi, akachukua mkoba wake wa ngozi uliokuwa miguuni, akatoka.

"Inspekta! Mmempata?"

"Karibu tunampata. Tumekuja unisaidie sentensi moja tu." Alisema polepole. "Fedha ya Daktari iko wapi?"

"Fedha za Daktari ziko wapi," alisema Sauti papo hapo. Ilikuwa kama goti linapogongwa.

"Ahaa. Lakini mchana, tukinywa chai, wewe mwenyewe ulisema ningeitoa. Ukasema itaonekana."

Fundi mitambo aliacha kuzungusha nyaya, akawatazama.

Inspekta hakumbana. Alimfungulia mlango mpana kabisa, na alijua anaufungua. "Labda ulimi uliteleza. Si ajabu, binadamu hukosea. Niandike kwamba ulikosea, tuagane?"

Lilikuwa neno moja tu. Angesema ndiyo, nimekosea, na Inspekta angebaki na silabi mbili na sonara mmoja aliyesikia sauti kwenye simu. Sauti aliliona neno hilo. Alimtazama fundi mitambo, kisha kioo, kisha kipaza sauti kilichobaki peke yake mezani upande wa pili.

"Sikukosea," alisema.

Alilisema kwa usahihi wote, na lilipotoka alilisikia. Akakaa kwenye kiti cha fundi mitambo.

"Ilikuwa sahihi kabisa," alisema Inspekta, na hakuwa anamdhihaki. "Ndiyo maana tuko hapa. Naomba mkoba."

Vilikuwa ndani ya soksi. Vyote vinane, vimetumbukizwa pamoja ndani ya soksi moja ya kijivu na kufungwa fundo, vikigongana. Fedha safi ni laini. Inspekta alivitoa kimoja kimoja juu ya karatasi za taarifa ya habari, akiwa na leso mkononi, na kila kimoja kilikuwa na mkwaruzo wake. Farasi mwenye miguu minane alikwaruzwa kwenye ubavu. Freya alikwaruzwa kwenye shavu. Odin, ambaye alilitoa jicho lake moja kwa hiari ili apate hekima, mkwaruzo ulikuwa umepita juu ya lile lililobaki.

"Nilimwona mama Jumapili moja, mlango ulikuwa wazi kidogo," alisema Sauti. Sauti yenyewe ilikuwa imepungua, ikawa ya mtu wa kawaida. "Alimsukuma yule mnyama. Hapa wananiondoa. Wamepata vijana, wanasoma haraka. Mke wangu hajui. Nilisema, mama ana fedha imelala tu ukutani, haimsaidii mtu."

"Inamsaidia," alisema Inspekta. "Simama, tafadhali."

Konstebo alimfunga pingu taratibu kama mtu anayemvisha saa. "Samahani, mzee wangu," alimwambia.

*

Jioni hiyo hiyo Daktari alikuja kituoni na binti yake. Binti alikuwa amelia mpaka macho yamekuwa madogo, akaomba kwenda kumwona mumewe, akaruhusiwa. Daktari alikaa kwenye benchi, mkoba magotini, na Inspekta akamwekea vile vinane mezani. Daktari hakuvigusa mara moja. Aliinama, akavikagua kimoja kimoja kwa kioo chake kidogo cha mkono mrefu, kile cha kutazamia meno ya nyuma.

"Vitapona?" aliuliza Inspekta.

"Fedha haiponi. Ukiisugua unaondoa na mchoro." Akakirudisha kioo mkobani. "Vitakaa hivi hivi. Sasa ni vyangu zaidi."

Seremala aliletwa akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda wake ulikuwa bado mezani pamoja na viatu. Alipomwona Daktari uso wake wote ulifunguka.

"Mama! Fedha yako ilipatikana?"

"Imepatikana."

"Yote?"

"Yote, fundi."

"Si mimi ilisema!" Aliwageukia askari, mmoja baada ya mwingine, akiwataka washuhudie. "Kule ndani iliambia watu wote. Mama ile inajua mimi. Hata dunia nzima iseme, mama ile haiwezi kusema ni mimi."

Konstebo alipata kitu cha kutazama sakafuni. Hati ya kumwachia ilikuwa imeshasainiwa, mambo yalikuwa yamekwisha, na hakuna aliyemwomba Daktari aseme chochote. Angeweza kuipokea zawadi ile na kwenda nayo nyumbani. Inspekta, kusema kweli, alitamani aipokee.

Daktari aliinuka.

"Nilisema ni wewe," alisema. "Hawakukukamata kwa akili yao. Waliponiuliza nani anajua siri ya kasha, nilitaja jina lako, wakauliza unamshuku, nikasema ndiyo. Usiku ule nililala nikiamini."

Seremala alibaki ameushika mkanda. Alikuwa ameanza kuuvaa na mkono ukasimama kwenye kitanzi cha pili. Nje mtu alikuwa anawasha pikipiki, ikawaka, ikazimika, ikawaka tena. Kisha akaendelea, kitanzi kwa kitanzi, mpaka akafika kwenye chuma cha kufungia, akakibana tundu moja ndani kuliko alama ya zamani.

"Siri ile ilijua mimi na wewe tu," alisema mwishowe, bila kumtazama. "Mimi pia ingetaja wewe."

"Usingenitaja," alisema Daktari.

Seremala alitikisa kichwa.

"Haingetaja," alikubali.

Alichukua viatu vyake mezani, akakaa kwenye benchi kuvivaa, akiacha katikati yao nafasi ya mtu mmoja. Daktari naye akakaa. Hakusogea karibu. Alingoja hapo, mkoba magotini, mpaka fundi alipomaliza kufunga kamba za viatu vyote viwili na kusimama, ndipo naye alipoinuka nyuma yake.